Ishara Nyuma ya Kamba

Kila siku saa kumi jioni Khulud Awadh alikuwa na kazi mbili: kufua soksi zake za shule na kuwafunga watu wazima. Soksi alizifua kwa uvivu. Watu wazima aliwafunga kwa bidii.

Walikaa Mtoni, kando ya Barabara ya Kilwa, katika nyumba ambayo mbele yake kulikuwa na duka la baba yake la vitambaa, nyuzi na vifungo. Kwenye baraza ya duka Fundi Gaspar alikuwa ameweka cherehani yake, na pembeni ya cherehani kulikuwa na benchi refu. Wateja hawakukalia benchi hilo. Lilikuwa kijiwe cha wachezaji.

Zamani pale ilichezwa drafti tu, kwa vizibo vya soda. Siku hizi kulikuwa na ubao wa pili, wa sataranji, au chesi kama wote walivyoiita, na kila mtu Mtoni alijua ulikotoka. Uliletwa na Tupokigwe.

Tupokigwe alikuwa mtoto wa karani kutoka Mbeya aliyepanga nyumba ya jirani. Alianza na drafti kwenye benchi lile lile, akiwa mdogo kiasi kwamba miguu yake haikufika chini. Alipokuwa sekondari akafundishwa chesi. Akawa bingwa wa shule, akawa bingwa wa wanawake wa nchi, kisha akaanza kuwafunga na wanaume. Akashinda mashindano Lusaka. Akashinda Kairo. Mwishowe, huko Budapest, akapata cheo cha grandmasta, ambacho ni cheo cha juu kuliko vyote katika chesi, na mtu akishakipata anakaa nacho maisha yake yote. Siku habari zilipofika Mtoni, Fundi Gaspar alisimamisha cherehani katikati ya suruali ya mteja, akaenda kununua soda za benchi zima. Mteja alisubiri suruali yake hadi kesho yake, wala hakulalamika.

"Yule nilimfundisha mimi," Fundi Gaspar alipenda kusema.

"Drafti ulimfundisha," baba yake Khulud alimsahihisha kutoka ndani ya duka.

"Kwani drafti si mchezo, Mzee Awadh?"

Khulud alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na alitaka jambo moja tu: kuwa kama Tupokigwe. Kwenye benchi la Mtoni hakuna aliyemweza. Jioni moja alikuja dereva wa bodaboda kutoka Kipawa, ambaye alisikia kwamba Mtoni kuna mtoto wa kike anayefunga watu. Alikuja na rafiki yake, akakaa, akapanga kete.

"Mdogo wangu, mie nakuonea huruma," alisema yule dereva. "Ukitaka kulia, lia mapema."

"Cheza, kaka. Pikipiki yako inakusubiri," Khulud alimjibu, na benchi zima likacheka.

Walicheza kwa muda mrefu. Katikati ya mchezo Khulud alikwama. Akafanya kama wachezaji wote wa pale wanavyofanya wakikwama: aliinua kichwa. Kaka yake Walid, kijana wa miaka kumi na tisa aliyeuza dukani, alikuwa ameegemea mlango. Walid akajikuna sikio. Sikio maana yake farasi. Fundi Gaspar angesukuma kofia yake, ingekuwa mfalme. Mtu akikohoa, maana yake rudi nyuma. Rafiki wa yule dereva naye alikuwa na ishara zake. Alivuta mkono wa shati mara kwa mara mpaka kishikizo kikakatika. Kila kijiwe kina ishara zake, na kila mgeni huja na mtu wake. Hakuna aliyeona ubaya.

Khulud alimsogeza farasi. Baada ya muda mfupi dereva alikuwa hana pa kwenda.

"Umeliwa, baba!" alipaza sauti Fundi Gaspar. "Nyanyuka, benchi lina wenyewe! Na hicho kishikizo uje nikushonee."

Siku chache baadaye Mwalimu Leodegar, aliyefundisha hisabati na kusimamia klabu ya chesi shuleni, alimwita Khulud baada ya vipindi.

"Jumamosi kuna mashindano ya shule za msingi za mkoa mzima, Kinondoni," alisema. "Tutakupeleka wewe. Mgeni rasmi ni Tupokigwe. Mtoto atakayechukua kikombe atakwenda naye Lusaka wakati wa likizo, kwenye mashindano ya watoto wa Afrika."

Khulud aliruka pale aliposimama.

"Sikiliza vizuri," mwalimu aliendelea. "Ukigusa kete, lazima uicheze. Ukumbini ni kimya. Na mchezaji hasaidiwi na mtu yeyote, kwa njia yoyote. Kule si barazani kwenu. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Na kweli alisikia.

Jumamosi walikwenda wanne: Khulud, Mwalimu Leodegar, Walid, na mama yake Khulud, Bi Mahfudha, aliyebeba chupa ya chai na mfuko wa maandazi. Ukumbi ulikuwa wa shule moja ya sekondari. Meza zilipangwa kwa mistari, na kila meza ilikuwa na ubao na saa ya kuhesabia muda wa kila mchezaji. Watazamaji walitengwa kwa kamba ya bluu. Wazazi walikaa kwenye viti nyuma yake, na vijana kama Walid wakasimama mbele kabisa, matumbo yakigusa kamba.

Tupokigwe alikuwepo. Alikuwa mrefu, amevaa viatu vya chini na gauni la kitenge, na alipita kati ya meza bila kelele. Alisimama mbele ya Khulud.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Mtoni. Duka la Mzee Awadh."

Uso wa Tupokigwe ulikunjuka. "Lile benchi bado linayumba?"

"Fundi Gaspar ameliwekea tofali."

"Hatimaye!" alisema Tupokigwe, akaenda zake akicheka.

Michezo mitatu ya kwanza haikumsumbua Khulud. Wapinzani wake walifanya haraka, naye akawaadhibu. Kila alipomaliza, Walid alimwonyesha dole gumba, na Bi Mahfudha alitikisa kichwa mara moja tu, kama mtu anayethibitisha bei.

Mchezo wa nne alikutana na Wilbert, mvulana wa Kibamba. Alikuwa mpole, shati lake limefuliwa hadi kola imepauka, na alikuja na mwalimu wake peke yake. Asubuhi ile alikuwa ametoka sare na Demetria, bingwa wa mwaka uliopita. Wilbert alifikiri polepole. Kila kete aliyoisogeza ilikaa mahali pake kama imegundishwa, na taratibu Khulud akaanza kubanwa. Kisha askofu wa Wilbert akamtishia malkia wake.

Khulud aliangalia kumwondoa malkia upande huu. Akaangalia upande ule. Kote alikoangalia mambo yalizidi kuwa mabaya. Saa yake ilikuwa ikikimbia. Akainua kichwa.

Nyuma ya kamba, Walid akajikuna sikio.

Khulud akamtazama farasi wake. Hapo ndipo alipoona. Mfalme wa Wilbert alikuwa amejificha pembeni kabisa mwa ubao, na waliomzunguka walikuwa watu wake mwenyewe: askari wake na ngome yake. Hakuwa na tundu la kutokea. Kete nyingine zote zingezuiwa na ukuta ule, lakini farasi huruka. Khulud akamwinua farasi, akamtua.

"Chekmeti," alisema kwa sauti ndogo. Maana yake mfalme ameshikwa na mchezo umekwisha.

Wilbert aliutazama ubao kwa muda. Kisha akanyoosha mkono.

"Hongera. Ile ya farasi sikuiona kabisa." Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayetaka kujifunza. "Wewe uliiona tangu lini?"

Khulud alianza kupanga kete upya. "Tangu... mapema."

"Aisee," alisema Wilbert, akimtazama kwa heshima. "Una jicho."

Neno hilo lilimchoma Khulud kuliko tusi. Kwenye benchi la Mtoni hakuna mtu aliyewahi kumuuliza ameona nini na ameona lini. Pale wote waliona pamoja na wote walishinda pamoja. Sasa kwa mara ya kwanza alijiuliza: katika ushindi wake wote wa barazani, wake hasa ni upi?

Wakati wa chakula Bi Mahfudha alimimina chai, akampa andazi. Khulud alilishika tu. Walid alikuwa hatulii.

"Umeona ile? Umeona? Mmoja tu umebaki, Demetria! Lusaka hiyo, Khulud! Sie Mtoni noma!"

"Walid," Khulud alinong'ona, akimvuta pembeni. "Ile haikuwa yangu."

"Ipi?"

"Ya farasi. Ni wewe."

"Sasa? Si ndivyo tunavyochezaga siku zote?"

"Barazani mgeni naye anakuja na mtu wake. Wilbert hakuwa na mtu. Mwalimu wake alikuwa anatazama meza nyingine."

"Nani kaona? Mtu anawashwa sikio, anajikuna. Acha ujinga. Ukisema wanakunyang'anya pointi, na kikombe ndiyo basi tena. Tangu mwalimu akuambie unaimba Lusaka, Lusaka!"

Khulud alirudisha andazi kwenye mfuko wa mama yake. Bi Mahfudha alimtazama, akamtazama Walid, akafunga chupa ya chai.

"Mna jambo," alisema. "Sijui ni nini, lakini mwenye jambo alimalize kabla kengele haijalia."

Khulud aliuvuka ukumbi. Tupokigwe alikuwa amesimama karibu na mlango wa chumba cha waamuzi, mikono nyuma.

"Dada, ule mchezo wangu na Wilbert," Khulud alianza. "Kumcheza farasi halikuwa wazo langu. Kaka yangu alijikuna sikio."

"Sikio ni farasi," alisema Tupokigwe. "Kofia ni mfalme. Kukohoa, rudi nyuma. Miaka yote hii hamjabadilisha hata moja?"

Uso wa Khulud uliwaka. "Kumbe ulimwona?"

"Nilimwona. Na sitakudanganya: hapa namsubiri mwamuzi amalize kula nimwambie. Usingekuja wewe, ningesema mimi."

"Basi ni yale yale tu. Hata nisingesema ningekamatwa."

"Hukujua kama nimeona. Umekuja ukiamini kwamba hakuna aliyeona. Hayo si yale yale."

Khulud alijipangusa macho kwa kiwiko. "Nisiposaidiwa naogopa. Nikikwama nainua kichwa. Kichwa kinainuka chenyewe."

"Changu pia kilikuwa hivyo." Tupokigwe aliinama kidogo ili watazamane. "Mchezo ulionipa cheo, kule Budapest, ulikuwa mrefu kuliko wote niliowahi kucheza. Mpinzani wangu alikuwa ananizidi, na mimi nilihitaji ushindi, sare isingenitosha. Nikakwama. Nikainua kichwa. Unajua niliona nini? Saa ya ukutani, na baba mmoja anapiga miayo. Budapest hakuna Fundi Gaspar. Nikainamisha kichwa, nikaanza kuhesabu mwenyewe, kete baada ya kete. Nilipoteza muda mwingi, lakini njia niliiona mimi. Sasa twende kwa mwamuzi. Utasema wewe. Mimi nitasimama tu."

Mwamuzi mkuu alikuwa mzee mwenye miwani, na hakupenda hadithi ndefu. Alimsikiliza Khulud mpaka mwisho, akamuuliza Tupokigwe kama ndivyo, akamwita Walid, kisha akatangaza mbele ya watu wote.

"Mchezo wa meza ya kwanza, pointi inakwenda kwa Wilbert. Mchezaji amekuja kusema mwenyewe, kwa hiyo ataruhusiwa kuendelea na mchezo wa mwisho. Aliyetoa ishara aondoke ukumbini."

"Khulud!" Walid alilalamika. "Mie ndugu yako nimekusaidia, wewe unanichoma?"

Bi Mahfudha alisimama kutoka kwenye viti vya wazazi. Hakupaza sauti. Hakuhitaji.

"Walid, toka nje. Ukakune masikio yako huko."

Watu walicheka, na hata mwamuzi aliinamisha kichwa ili kuficha meno. Walid alitoka, shingo chini.

Khulud alimfuata Wilbert, aliyekuwa amekaa mezani hajui aangalie wapi.

"Nimekuja kusema samahani," alisema Khulud. "Pia nilikudanganya. Ile ya farasi sikuiona mapema. Sikuiona hata kidogo."

Wilbert alifikiri, polepole kama kawaida yake. "Kumbe hata wewe hukuiona?"

"Sikuiona."

"Basi afadhali. Nilikaa chakula chote nikijiona mjinga peke yangu." Akacheka, na Khulud, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akacheka naye.

Hesabu sasa ilikuwa mbaya. Wilbert alikuwa mbele yake kwa nusu pointi. Ili Khulud achukue kikombe, ilibidi amfunge Demetria, na tena Wilbert afungwe mchezo wake. Kengele ikalia.

Demetria alikuwa msichana wa Kinondoni mwenye nywele zilizosukwa vizuri na saa kubwa mkononi. Siku nzima hakuna aliyemfunga.

"Leo huna sikio la kaka," alimchokoza kwa sauti ya chini.

"Nina langu," Khulud alijibu. "Cheza."

Hapo mwanzoni Khulud aliteseka. Shingo yake ilitaka kuinuka kila alipopata shida. Aliishika kwa mikono miwili, kama mtu anayeumwa, na macho yakabaki kwenye ubao. Kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumuuliza, alianza kujiuliza mwenyewe: yeye anataka nini? Nikienda hapa, atafanya nini? Na akifanya hivyo, mimi je? Alipokosea, alijua kosa liko wapi. Alipopatia, alijua kwa nini. Polepole hofu ilimtoka, na mahali pake pakaingia kitu kingine, kitamu, kama pale mtu anapojifunza kuendesha baiskeli na kugundua kwamba aliyekuwa ameishika nyuma ameshaiachia zamani.

Kete ziliisha moja baada ya nyingine. Mwishowe walibaki na wafalme na askari wachache. Ndipo Demetria akamwacha askari wake mmoja peke yake upande wa kushoto, wazi, bila mlinzi. Mfalme wa Khulud angeweza kwenda kumla.

Mkono wa Khulud uliondoka mezani. Katika drafti kula ni lazima. Ukiona cha kula, unakula, hakuna mjadala. Mkono wake ulikuwa umezoea hivyo tangu ana miaka sita. Lakini kabla vidole havijagusa kete aliurudisha, akaukalia. Akauliza tena: yeye anataka nini?

Anataka mfalme wangu aende mbali.

Khulud alihesabu. Akahesabu upya, kwa sababu hakukuwa na wa kumkoholea. Kisha akamwacha yule askari kama alivyo, akamsogeza mfalme wake kwenda kumsindikiza askari wake mwenyewe upande wa kulia. Demetria alishtuka. Alikimbiza askari wake, Khulud akakimbiza wake. Wa Khulud akafika kwanza mwisho wa ubao, akageuka malkia, na papo hapo akamtishia mfalme wa Demetria. Demetria alitazama, akahesabu, akatabasamu kwa uchungu. Akamlaza mfalme wake chini na kutoa mkono.

"Nilijua utamla," alisema. "Watoto wa drafti wote wanakula."

Khulud aligeuka upesi kuitazama meza ya Wilbert. Wilbert alikuwa akipanga kete kwenye boksi lake, naye alikuwa ameshinda.

Kwa hiyo kikombe kilikwenda Kibamba. Wilbert alikipokea kwa mikono miwili, na mwalimu wake alipiga picha nyingi, zote zimetikisika kwa furaha. Khulud alikuwa wa pili, kwa nusu pointi. Alipiga makofi kama wengine. Yalimuuma, na angedanganya kama angesema hayakumuuma. Ile pointi aliyoirudisha ndiyo ingempeleka Lusaka.

Watu walipoanza kukusanya mikoba, Tupokigwe alichukua kipaza sauti.

"Kaeni kidogo," alisema. "Wilbert ni bingwa, na amestahili. Tutafanya kazi nzuri pamoja. Lakini mwamuzi ameniomba nichague mchezo mmoja uliokuwa bora kuliko yote ya leo, nao uonyeshwe kwa watoto wote. Nimechagua mchezo wa mwisho wa Khulud Awadh wa Mtoni."

Ukutani palikuwa na ubao mkubwa ambao kete zake zilishika kwa sumaku. Tupokigwe alizipanga kama zilivyokuwa pale askari wa Demetria alipoachwa peke yake. Akamwita Khulud mbele, akampa fimbo ndefu ya kuonyeshea.

"Askari huyu hapa ni wa bure," alisema Tupokigwe. "Mimi mwenyewe nilipokuwa nimesimama nyuma yako nilidhani utamla. Kwa nini ulimwacha?"

Ukumbi mzima ulimtazama. Khulud akaona kwamba jibu analo, lote, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa nalo.

"Ningemla, mfalme wangu angekuwa mbali huku," alisema, akionyesha kwa fimbo. "Mfalme wa Demetria angekuja kuwala askari wangu wote wa upande huu. Nikahesabu askari wake na askari wangu nani atafika mwisho mapema. Wangu anafika kwanza. Na akifika anakuwa malkia, anampiga mfalme wake cheki, yaani anamtishia, na askari wake hana nafasi ya kumaliza safari."

"Na kama angemrudisha mfalme huku kuzuia?"

"Asingewahi. Mfalme wangu alikuwa amesimama pembeni ya askari wangu, amemfungia njia mfalme wake."

"Hilo nalo ulilihesabu?"

"Ndiyo. Hilo lilinichukua muda."

Tupokigwe aliwageukia watu. "Nimecheza nchi nyingi," alisema. "Nimewafunga watu wakubwa, na kuna vikombe nyumbani kwangu. Kila mchezo ulionipa vikombe hivyo naweza kuwaelezeni hivi alivyoeleza mtoto huyu, hatua kwa hatua, hata mkiniamsha usingizini. Ushindi usioweza kuueleza si wako, ni wa mtu mwingine umepita mkononi mwako. Huyu asubuhi alikuwa na ushindi wa namna hiyo, akaurudisha kwa mwenyewe. Jioni akapata huu."

Makofi yaliyopigwa yalimfanya Mwalimu Leodegar avue miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Demetria alipiga makofi. Wilbert alipiga kwa kugonga kikombe chake.

Nje ya geti walimkuta Walid ameketi kwenye jiwe, kama mlinzi wa pikipiki za watu.

"Nimesikia makofi," alisema bila kuinua macho. "Umemfunga Demetria?"

"Nimemfunga."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Hakuna hata aliyekohoa?"

"Hakuna."

Walid alitikisa kichwa. "Mie ningemla yule askari," alikiri alipoelezwa. "Haki ya Mungu, ningemla. Nisamehe, mdogo wangu. Lakini kikombe nacho kimekwenda Kibamba."

"Kimekwenda kwa mwenyewe," alisema Bi Mahfudha. Aliweka mfuko wake chini ili aseme vizuri. "Nisikilizeni nyote wawili, nitasema mara moja. Kile kikombe kingekuja nyumbani, kingekaa juu ya kabati, na mimi ndiye ningekifuta vumbi kila wiki. Mimi sifuti vumbi kikombe cha uongo. Na wewe Walid, ukimpenda mdogo wako, mfundishe mapema, halafu mwachie kazi aifanye mwenyewe. Ukimfanyia wewe, siku usipokuwepo ataaibika. Khulud, leo umeogopa, ukasema kweli hivyo hivyo. Kisha umeogopa tena, ukacheza hivyo hivyo. Nimekaa kwenye kiti kile nikasema moyoni, yule ni wangu mimi. Mtu akitaka kunipa vikombe kumi nikubadilishe, sitaki."

Khulud hakuwahi kumsikia mama yake akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Hakujua aweke wapi mikono. Mwalimu Leodegar alijifanya anatafuta kitu katika simu yake.

"Haya," alisema Bi Mahfudha, akiuinua mfuko. "Njoo tembea na mimi. Huyo mfalme wako, umesema alikuwa amesimama wapi? Anza mwanzo, na usiende mbio. Mimi nataka kuelewa."

Khulud akamshika mama yake mkono, akaanza mwanzo.